Feni bila njia ya hewa ni kelele tupu

Msomaji mpenzi, juma hili nimepokea barua fupi kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Migori. Hakuandika mengi. Aliuliza maswali mawili tu.

La kwanza: kwa nini mtu akisimama mbele ya feni hupigwa na upepo hadi shati likapepea, lakini akizunguka na kusimama nyuma yake hasikii karibu chochote? Hewa hiyo yote inatoka wapi?

La pili lilinifanya niweke kikombe cha chai mezani. Ndugu yake mkubwa huchimba dhahabu. Shimo lao limekwenda chini sana, na wachimbaji wameanza kulalamika kuumwa na kichwa na kuishiwa pumzi. Basi wameweka feni kwenye mdomo wa shimo, ikitazama chini. Kijana anauliza: je, feni hiyo inatosha?

Kwa kuwa jambo la uhai halingoji, mwanangu, nakupa jibu fupi kabla ya mengine yote. Haitoshi. Mwambie ndugu yako asishuke kwa kuitegemea. Sababu zake nitazieleza, lakini inabidi tuanze na swali lako la kwanza, kwani ndilo ufunguo wa hilo la pili. Na wewe msomaji wa mjini ambaye hujawahi kuona shimo la dhahabu, usifunue ukurasa. Utaona kwamba jambo hili linakuhusu hata chumbani mwako.

Hewa ina uzito

Wengi wetu hudhani kuwa hewa si kitu. Tukiona chupa haina soda tunasema ni tupu. La hasha! Chupa hiyo imejaa hewa, na hewa ina uzito. Tangu utosini mwako hadi juu kabisa mbinguni kuna rundo la hewa lililokukalia. Uzito wa rundo hilo ndio unaotupa kile kinachoitwa shinikizo la hewa, au kanieneo kama wasemavyo walimu wengine.

Shinikizo hilo si dogo. Mjini Mombasa, kwenye usawa wa bahari, kila mita mraba moja hubeba uzito wa hewa unaozidi kidogo tani 10. Homa Bay, ambako Ziwa Victoria liko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, rundo la hewa ni fupi kidogo, kwa hivyo uzito hupungua hadi karibu tani 9. Meza yako ya chakula imebebeshwa lori zima! Mbona haivunjiki? Ni kwa sababu hewa iliyo chini ya meza nayo husukuma kwenda juu kwa nguvu iyo hiyo. Pande mbili zikilingana, hakuna kinachosogea.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote ya upepo. Hewa haitembei kwa sababu ina shinikizo. Hutembea kwa sababu shinikizo la upande mmoja limezidi la upande wa pili. Katika miaka ya 1650, Mjerumani mmoja aitwaye Otto von Guericke alilionyesha jambo hili waziwazi. Alichukua mabakuli mawili makubwa ya shaba, akayakutanisha midomo, kisha akaifyonza hewa ya ndani kwa pampu aliyoibuni mwenyewe. Akafunga farasi kila upande, wakavuta huku na huku, na ilikuwa kazi kubwa kuyatenganisha. Hakutia gundi. Hewa ya nje ndiyo iliyoyashikanisha, kwani ndani hapakuwa na hewa ya kutosha kuijibu.

Feni ya ziwani

Kabla hatujaiwasha feni ya stima, hebu tuitazame ile isiyolipiwa bili. Nenda Homa Bay mjini, ukasimame ufuoni mwendo wa saa tisa alasiri, kilima cha Asego kikiwa mgongoni mwako. Siku ya jua kali utahisi upepo ukitoka ziwani kuja nchi kavu. Rudi hapo hapo usiku wa manane, na mara nyingi utaukuta umegeuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani.

Nani anayeusukuma? Ni tofauti ya shinikizo tu. Mchana, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi hupanuka na kupanda, sehemu yake ikasambaa huko juu kuelekea ziwani, na shinikizo la nchi kavu likapungua kidogo. Hewa ya ziwani, ambayo bado ni ya ubaridi na nzito, huona mlango umefunguliwa, nayo ikaingia. Usiku mambo hugeuka, kwa kuwa ardhi hupoa upesi na maji hubaki na joto lake. Wavuvi wa omena, ambao huingia ziwani usiku na taa zao, huujua upepo huo vizuri kuliko wenye vitabu. Na wale akina mama wanaoanika omena ufuoni hupata faida ya ule wa mchana, maana hewa inayotembea huondoa unyevu.

Zingatia jambo moja hapo. Upepo wa ziwani una njia ya kuingia na njia ya kutokea. Hewa huja chini, hupanda, hurudi kupitia juu. Ni mzunguko. Ukiziba sehemu moja, upepo wote husimama. Litie akilini, tutalirudia.

Feni hufanya nini hasa?

Sasa iwashe feni yako. Mabawa yake yamekaa mshazari, kama kasia la mvuvi linapokata maji. Yanapozunguka husukuma hewa ya mbele, na shinikizo la hapo hupanda kidogo. Wakati huo huo huacha upungufu nyuma yake, na hewa ya chumbani hukimbilia kujaza pengo hilo. Kwa hivyo feni haitengenezi hewa hata chembe. Kile inachotoa mbele ndicho ilichokipokea nyuma.

Tofauti yenyewe ni ndogo ajabu. Shinikizo hupimwa kwa paskali. Hewa ya Homa Bay ina paskali 88,000 hivi. Tofauti ya paskali 10 tu, ambayo ni kama sehemu moja katika 9,000, yatosha kuipa hewa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kurusha karatasi zako za mtihani hadi chini ya kitanda.

Mbona basi nyuma ya feni husikii kitu? Jaribu hivi. Weka kiganja chako mbele ya mdomo, umbali wa shubiri moja, kisha puliza. Utahisi upepo. Sasa kiache kiganja hapo hapo, uvute pumzi kwa nguvu ile ile. Hutahisi karibu chochote, ingawa hewa iliyoingia ni nyingi sawa na iliyotoka.

Ni kama abiria wa matatu. Wanapofika stejini hutoka kila kichochoro, mmoja mmoja, nawe huoni msongamano. Lakini wanapoondoka, huondoka wote kwa gari moja na barabara moja. Hewa inayofyonzwa hutoka pande zote, kwa hivyo kila upande hutoa kidogo. Hewa inayopulizwa hushika njia moja. Mafundi wa mambo ya hewa wana kipimo chao: upepo unaopulizwa kutoka kwenye mdomo wa bomba husafiri umbali wa kama mara 30 ya upana wa mdomo huo kabla kasi yake haijashuka hadi sehemu moja ya kumi. Unaofyonzwa hushuka hadi hapo kwa umbali wa upana mmoja tu! Mwanangu wa Migori, swali lako la kwanza limejibika.

Chumbani mwako

Hapa mjini wengi wetu tunaishi katika chumba chenye dirisha moja. Joto likizidi, tunafunga mlango kwa kuogopa wezi, tunafunga dirisha kwa kuogopa mbu, kisha tunawasha feni. Inafanya nini? Inakoroga uji ule ule. Hewa tuliyoivuta na kuitoa inazungushwa tu kutoka pembe hii hadi ile.

Utasema, lakini nahisi ubaridi. Ni kweli unauhisi, ila feni haikuipoza hewa. Ukiiacha imewashwa katika chumba kitupu, joto la chumba halitapungua. Litaongezeka kidogo, kwa sababu mota yenyewe hutoa joto. Ubaridi unaousikia ni jasho lako linavyokauka, jinsi ile omena ya Homa Bay inavyokauka kwa upepo. Basi ukitoka chumbani, izime. Hakuna anayepozwa.

Ukitaka feni ifanye kazi ya maana jioni, wakati hewa ya nje imeanza kupoa, iweke karibu na dirisha ikitazama nje. Kisha fungua mlango, au dirisha la upande wa pili. Feni itatupa hewa ya joto nje, shinikizo la chumbani litapungua kidogo, na hewa safi itaingia yenyewe kwa mlango wa pili bila kubembelezwa. Dirisha la pili likifungwa, kazi imekwisha. Utapata kelele na bili.

Kuhusu bili, kuna jambo lingine la kuwafaa wazazi. Kwa kanuni ya feni, kuongeza kasi mara mbili huhitaji nguvu mara nane. Kinyume chake, feni inayozunguka polepole hula stima kidogo sana kuliko tunavyodhani. Usiku mzima kwa kasi ya chini yaweza kukutosha.

Nina onyo moja kwa mama na baba wa nyumbani. Jiko la makaa lisilazwe chumbani wakati wa baridi, hata kama kuna feni. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Humwingia mtu akiwa usingizini, naye asiamke. Feni katika chumba kilichofungwa haiitoi gesi hiyo. Huigawa tu sawasawa kila pembe.

Shimoni

Sasa turudi Migori. Dhahabu ya huko si habari ya jana. Soko la Macalder, katika Nyatike, lina jina la mgodi ulioanza miaka ya 1930, uliotoa dhahabu na shaba hadi ukafungwa katika miaka ya 1960. Kampuni ilipoondoka, mashimo hayakuisha. Wachimbaji wadogo waliendelea, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwafungulia njia ya kufanya kazi kwa kibali.

Hewa ya shimoni huharibika kwa njia nyingi. Watu huivuta. Magogo ya kuegemeza kuta huoza, na mawe mengine hula oksijeni jinsi chuma kinavyoshika kutu. Baruti huacha moshi wenye sumu. Na juu ya hayo yote, shimo refu lenye mdomo mmoja ni kama chumba chenye dirisha moja, ila dirisha hilo liko darini, mbali.

Iweke feni ya mezani kwenye mdomo huo ikitazama chini. Itasukuma hewa, sawa. Lakini chini kumejaa hewa tayari, na iliyojaa haina pa kwenda ila kupanda kwa njia ile ile. Hewa inayoshuka hukutana na inayopanda, zinagombana mita chache chini ya mdomo, kisha ile mpya hugeuka na kurudi juu. Feni huifyonza tena na kuirusha tena. Mtu aliye juu huona mabawa yanazunguka, akadhani wenzake wanapata hewa. Aliye chini hapati kitu.

Dawa ni kuipa hewa njia mbili. Bomba moja pana lishuke hadi karibu na mahali watu wanapofanya kazi. Hewa safi ipitie humo, nayo iliyochoka ipande kupitia nafasi ya shimo iliyobaki wazi. Wazo hili ni la kale. Mjerumani Georgius Agricola alichora mashine za namna hiyo katika kitabu chake cha uchimbaji madini kilichotoka mwaka 1556: mabawa ndani ya pipa, yakizungushwa kwa mkono au kwa upepo, na mivukuto kama ya mhunzi, vyote vikipeleka hewa shimoni kwa mabomba ya mbao.

Ila hapa pana mtego. Bomba hukataa hewa. Kuta zake huisugua na kuichelewesha, na kadiri linavyorefuka ndivyo shinikizo linalotakiwa linavyozidi. Wembamba ni mbaya zaidi. Ukilipunguza bomba upana nusu na bado ukataka hewa ile ile, shinikizo linalohitajika hupanda kama mara 30. Feni ya mezani, yenye paskali zake chache, haiwezi. Itanguruma na hewa isitoke upande wa pili. Panahitajika kile kipulizio chenye tumbo la mviringo kama konokono, cha aina ambayo mafundi wa jua kali hukitumia kuwashia moto wa kufulia chuma. Hicho huchukua hewa katikati na kuitupa pembeni kwa nguvu, na shinikizo lake ni kubwa mara nyingi kuliko la feni ya nyumbani.

Basi, mwanangu, msomee ndugu yako haya, polepole:

Bomba liwe pana, lisiwe na mikunjo wala matundu, na lifike karibu na watu walipo. Likiishia katikati ya shimo, ni kama halipo.

Mahali kipulizio kinapochukulia hewa pawe mbali na moshi wa jenereta. Kikifyonza moshi, kitawapelekea wachimbaji sumu moja kwa moja.

Injini ya petroli, iwe ya pampu ya maji au ya jenereta, isiteremshwe shimoni kamwe, hata kwa dakika kumi. Hutoa gesi ile ile ya makaa.

Kipulizio kianze kabla ya mtu kushuka, kisizimwe mtu akiwa chini. Kikinyamaza, wote wapande.

Mshumaa usiaminiwe. Ni kweli kwamba mwali huzimika oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi kama 16 au 17. Lakini kaboni monoksaidi haiuzimi. Mshumaa waweza kuwaka vizuri huku mtu akifa kando yake. Na penye gesi inayoshika moto, mshumaa wenyewe ndio hatari. Waingereza walishuka migodini na ndege wadogo, ambao huzidiwa na gesi hiyo kabla ya mtu, hadi mwaka 1986 walipoanza kuwaachisha kazi. Siku hizi kuna vipimo vya mkononi vinavyolia hewa inapoharibika. Kikundi cha wachimbaji kikichanga, kitapata kimoja.

Na la mwisho ndilo zito. Mwenzao akianguka chini kwa hewa mbaya, wasimfuate wakiwa mikono mitupu. Najua ni vigumu kumwona ndugu amelala usimkimbilie. Lakini hewa iliyomwangusha yeye itamwangusha na wa pili, na wa tatu. Wapeleke hewa kwanza, waite usaidizi, na anayeshuka ashuke amefungwa kamba inayoshikwa na walio juu.

Kuna mtu atakayesema kwamba bomba na kipulizio ni ghali. Sikatai. Lakini mpendwa msomaji, wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba, na kwa hewa mbaya mara nyingi tiba yenyewe haipatikani.

Jaribio la watoto juma hili ni rahisi. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uufunge kwenye kijiti. Mzazi akiwa karibu, na bila kukaribia mabawa, upitishe mbele ya feni, kisha nyuma, kisha pembeni. Baada ya hapo nenda nao mlangoni na dirishani, ukafungue na kufunga, utazame ukanda unaelekea wapi. Mchoreni kila mmoja chumba chake, na mishale ya mahali hewa inapoingilia na inapotokea. Mkikuta chumba chenye mshale wa kuingia bila wa kutoka, mwambieni baba au mama usiku wa leo kabla ya kulala.

Nawe kijana wa Migori, niandikie tena. Ningependa kusikia alivyosema ndugu yako.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.